Daftari Kumi na Moja za Ami

Longisa ni mji mdogo katika kaunti ya Bomet, juu ya barabara itokayo Narok, mahali ambapo msafiri huanza kuinusia nchi ya chai ya Kericho. Wengi wetu wa Pwani hatujafika huko. Ami yangu, Mola amrehemu, alitoka Mombasa akiwa kijana, akafungua duka hapo la sukari, vibiriti na mafuta ya taa, na akazikwa huko huko. Nilikwenda kwa hitima. Nilidhani nitakaa siku tatu. Nilikaa karibu mwezi, na sababu ni daftari.

Ami alikuwa mtu wa kuandika. Ile aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote, inayoamrisha deni liandikwe, yeye aliishika barabara. Aliacha daftari 11. Tatu za mwanzo ameziandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na zilizobaki kwa herufi za kizungu. Hesabu za duka, amana za watu, mikopo, mvua, vifo, vyote vimo, vimechanganyika kama pojo na mchele.

Siku ya nne baada ya hitima, watoto wa ami wakizungumza habari ya mirathi, akaingia bibi mmoja wa Kikipsigis, amejitanda shuka.

"Mwanangu," aliniambia, "mzee alikuwa na pesa yangu. Ya mtamba. Mimi sikuchukua."

Hakuwa na karatasi wala shahidi. Na sote twajua, msomaji, kwamba haki za watu hutolewa kwanza ndipo warithi wagawane. Mmoja wa ndugu akanung'unika kwamba kesho watakuja kumi wengine. Mkubwa wao akasema, "Na tutafute." Ni rahisi kusema. Kurasa zilikuwa zaidi ya elfu.

Mjukuu wa ami anasoma mambo ya kompyuta. Akanambia, "Ami, wewe soma, mimi nipige chapa. Kisha tutengeneze faharasa." Tulifanya hivyo kwa siku kumi na tatu. Daftari za herufi za Kiarabu zilinitoa jasho, kwa kuwa ami, kwa desturi ya wazee, aliiandika *be* ile ile mahali pa *b*, *p* na *mb*. Msomaji ndiye akisie. Kila mstari kijana aliutangulizia nambari ya daftari na ya ukurasa.

Chombo alichotumia chaitwa ptx. Asili yake ni katika mfumo wa Unix wa maabara ya Bell huko Marekani, na hiki cha leo, kinachotolewa bure katika mkusanyiko wa GNU, kilitungwa na François Pinard wa Kanada. Kazi yake ni kulichukua kila neno la maandishi, kulipanga kwa alfabeti, na kuliweka katikati ya mstari pamoja na maneno yaliyolitangulia na yaliyolifuata. Fikra hiyo ilienezwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM mwishoni mwa miaka ya 1950. Maneno kama "na", "ya" na "kwa" huandikwa katika faili la pekee ili chombo kiyaruke.

Tukatafuta "amana". Mistari sita, na bibi yetu hayumo. Ndugu mnung'unikaji akakunja mikono.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitabu kilichokuwa msikitini kwetu, Al-Mu'jam al-Mufahras cha Muhammad Fuad Abdul Baqi, kilichotoka Cairo mwaka 1945. Ni faharasa ya maneno ya Kurani, na bwana huyo alijengea juu ya kazi ya Mjerumani Gustav Flügel iliyochapwa Leipzig mwaka 1842. Hakupanga maneno kama yanavyotamkwa. Aliyapanga kwa mizizi. Kiswahili nacho chataka vivyo hivyo, tena zaidi, kwa kuwa vitenzi vyetu hubeba mizigo mbele. "Kaweka" limekwenda kwenye K, "meweka" kwenye M, "niliwekewa" kwenye N, na "aliniwekesha" kwenye A. Chombo cha kizungu hakijui kwamba hao ni ndugu wa tumbo moja. Huko Helsinki, Arvi Hurskainen alitunga programu ya kuvichambua vitenzi vya Kiswahili namna hiyo, lakini sisi Longisa tulikuwa na kalamu na daftari la kumi na mbili.

Nikaandika jedwali la safu mbili: neno kama lilivyo, na mzizi wake. Weka, lipa, rudisha, twaa, chukua, kopa. Kijana akaigeuza faharasa yote kwa jedwali lile. Ilikwenda dakika chache. Jedwali lenyewe lilitula siku tano na ugomvi mmoja, maana ami alikuwa akiandika "katwaa" mara akiwa na maana ya kununua na mara ya kuondoka nacho.

Chini ya "weka" ikatoka mistari 94. Wa sitini na kitu ulikuwa daftari la 7, ukurasa wa 41, mwaka 1983: mke wa fulani, nyumba ya karibu na josho la ng'ombe, "kaniwekesha 1,200 za mtamba". Neno amana halikuandikwa.

Haikutosha. Huenda alikuja akazitwaa. Tukapitia rudisha, twaa, chukua, lipa, kila mstari wa kuanzia mwaka 1983 hadi wa mwisho. Jina la mumewe, ambalo ami aliliandika kwa namna tatu, halikutokea tena ila penye habari za maziwa na siku aliyokufa. Ndugu mnung'unikaji ndiye aliyesoma mistari ile ya mwisho kwa sauti, na alipomaliza akavua kofia akajipangusa uso.

Likabaki la kiasi. Shilingi 1,200 zilinunua mtamba mwaka 1983; leo hazinunui hata mguu wake. Wakatoa 1,200 kuwa amana, kama zilivyoandikwa, kisha kila ndugu akachanga kwa hiari yake, wakamnunulia bibi mtamba. Alikuja kumchukua mwenyewe, na mjukuu wake akishika kamba.

Yule kijana amebaki na mistari mingine 17 chini ya "weka" isiyo na marudisho. Nilipopanda matatu ya Narok alikuwa akiulizia majina hayo sokoni.