Bawasiri bila upasuaji: uliza haya kabla hujalipa

Ukipita Kinondoni au Temeke hukosi kuona kibao: "Tunatibu bawasiri bila upasuaji." Je, inawezekana?

Ndiyo, ila si kwa kila mtu. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa. Ile ya ndani, daktari anaweza kuifunga kwa kimpira kidogo. Kinyama kinakosa damu, kinakauka na kudondoka chenyewe, mara nyingi ndani ya siku 10. Hulazwi. Ya nje haifungwi hivyo, inauma mno. Iliyotoka na hairudi ndani, mara nyingi inahitaji upasuaji.

Kabla hujatoa hela, uliza:

1. Anayenitibu amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika?
2. Nitapimwa ndani kwa kifaa, au ni maelezo tu?
3. Yangu imefika hatua ya ngapi?

Swali la pili usiliruke. Damu chooni inaweza pia kuwa dalili ya saratani ya utumbo mpana. Wakikuuzia dawa bila kukupima, ondoka. Hospitali za rufaa za mkoa, Mwananyamala na Temeke, zipo.

Ikiwa ndiyo inaanza, maji na mboga za majani husaidia sana. Na simu usiingie nayo chooni.