Moshi juu ya mawingu ya bahari: Setilaiti zinaupimaje?

Kila mwaka, kati ya Juni na Oktoba hivi, moto huwaka kwenye mashamba na nyika za Angola, Zambia na kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Sehemu kubwa huwashwa na watu wenyewe, wakisafisha mashamba kabla ya mvua.

Moshi wake hauishii hapo. Upepo kutoka mashariki huubeba hadi Bahari ya Atlantiki. Huko, nje ya pwani ya Angola na Namibia, mawingu ya chini hutanda kama mkeka mweupe, na moshi hupita juu yake.

Si moshi kidogo. Kwa makadirio ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA, kusini mwa Afrika hutoa karibu theluthi moja ya chembe zote za moshi wa mimea inayoungua duniani.

Unapoza au unapasha joto?

Inategemea kilicho chini yake.

Bahari ikiwa wazi huonekana nyeusi na humeza mwanga wa jua. Moshi ukipita juu yake, hurudisha sehemu ya mwanga huo angani. Hapo unapoza.

Mawingu meupe mambo ni tofauti. Yenyewe tayari yanarudisha mwanga mwingi. Moshi ukikaa juu yake, chembe zake nyeusi huunasa mwanga huo na kuugeuza joto. Yaani moshi uleule, kazi mbili tofauti.

Shida iko wapi?

Kwa miaka mingi, programu za kupima moshi kutoka angani ziliruka sehemu zenye mawingu, kwa sababu mng'ao wa wingu huufunika moshi. Na moshi usipohesabiwa, wingu lenyewe husomwa kuwa jembamba kuliko lilivyo.

Njia ya kwanza: rangi

Wingu safi hurudisha rangi zote karibu sawa, ndiyo maana ni jeupe. Moshi hunyonya zaidi mwanga wa zambarau na ile miale ya jua isiyoonekana inayochoma ngozi.

Kifaa cha OMI, kilichorushwa mwaka 2004 kwenye setilaiti ya Aura, hupima miale hiyo. Wanasayansi wakilinganisha rangi mbili, wanapata unene wa wingu na kiasi cha moshi kwa pamoja.

Njia ya pili: leza

Setilaiti ya CALIPSO, iliyofanya kazi kuanzia 2006 hadi 2023, ilipiga leza kuelekea chini na kupima muda wa mwanga kurudi. Hivyo ilijua moshi uko kimo gani.

Data zake mara nyingi zilionyesha nafasi kati ya moshi na mawingu. Lakini kati ya 2016 na 2018, mradi wa NASA uitwao ORACLES ulirusha ndege hadi ndani ya moshi huo, kwanza kutoka Walvis Bay, Namibia, kisha kutoka São Tomé. Kumbe mara nyingi moshi ulikuwa umeyagusa mawingu! Leza ilikuwa ikififia ndani ya moshi mzito kabla ya kufika chini yake.

Tofauti hiyo si ndogo. Chembe zikiingia ndani ya wingu, matone huwa mengi na madogo, na wingu hung'aa zaidi. Hapo moshi unaanza tena kupoza.

Nini kinafuata?

Mwaka 2024 zilirushwa setilaiti mbili mpya: PACE ya NASA, inayosoma rangi nyingi zaidi, na EarthCARE ya Ulaya na Japani, yenye leza yake.

Zina kazi kubwa. Programu za kutabiri hali ya hewa ya miaka ijayo zimekuwa zikitofautiana kuhusu eneo hili: nyingine zinasema moshi huu unapasha dunia joto, nyingine zinasema unaipoza.