Kutoka Nkende hadi ufukweni: wapi hela yako inatembea zaidi?

Nkende iko juu, kwenye vilima vya mji wa Tarime, na Ziwa Victoria liko chini upande wa magharibi. Ni karibu vya kutosha kwenda na kurudi siku moja. Hata hivyo, familia nyingi za hapa huliona ziwa kwenye dirisha la basi tu, wakipita darajani Kirumi kuelekea Mwanza. Wakiulizwa kwa nini hawaendi kutembea ufukweni, hujibu kwamba ni gharama. Nimekaa na hesabu hiyo, na ninaamini wengi wanahesabu kitu kisichostahili. Ufukwe wenyewe haulipiwi, kinacholipiwa ni kufika, kula na kurudi. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya safari ni hili: kwa kila shilingi elfu, nitapata saa ngapi za kutembea kando ya maji?

Tuanze na Musoma, maana ndiko wengi watakakoishia. Viwango vya nauli vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023 viliweka basi la daraja la kawaida shilingi 48.47 kwa kilomita, na daraja la kati shilingi 67.84. Barabara ya Tarime hadi Musoma, ukipita Kirumi na kukata kulia Makutano, haifiki kilomita 100. Kwa viwango hivyo, kiti cha basi la kawaida hakipaswi kuzidi shilingi 4,850. Watu watano, kwenda na kurudi, ni chini ya shilingi 48,500. Ishike namba hiyo kichwani mtu anapokuja na Noah akakwambia atawapeleka nyote "kwa bei ya jirani". Akitaja zaidi ya hapo, muulize unanunua nini cha ziada. Jibu linaweza kuwa zuri: anawachukua mlangoni, anawasubiri, anawarudisha bibi akiwa amechoka. Mkiwa saba mnaotoshea kwenye gari hilo, mizani hugeuka na kukodi kunaanza kueleweka. Mkiwa watatu, pandeni basi.

Faida kubwa ya Musoma ni umbo la mji. Umekaa kwenye rasi nyembamba inayoingia ziwani, kwa hiyo kutoka maji ya upande mmoja hadi maji ya upande wa pili hakumalizi saa moja kwa miguu, na njia haina mlima wa kumtisha mzee wala mtoto. Anzia Mwigobero, ambako kivuko na mitumbwi hupakia watu na mizigo. Pita mjini, kisha endelea kuelekea kwenye mawe makubwa ya ncha ya rasi, upande wa Matvilla, au shika upande wa Makoko. Mawe yale ya matale yaliyobebana ndiyo sura ya Musoma, na kuyatazama hakuna tiketi. Ukitaka kiti, kivuli na choo kisafi, utaingia kwenye sehemu ya kupumzikia, na hapo ndipo bajeti huvuja. Soda inayouzwa mezani mbele ya maji si soda ya dukani. Uliza bei ya kinywaji na ya sahani kabla hamjakaa, na uulize kama chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa. Kama hakiruhusiwi, kuleni kwanza kwenye mawe, kisha mkanywe soda moja moja.

Ukiwa Mwigobero kuna nyongeza ambayo kwangu inashinda kifurushi chochote cha mapumziko: kivuko cha kwenda Kinesi, ng'ambo ya ghuba, upande wa Rorya. Abiria wa miguu ndiye anayelipa kidogo kuliko wote kwenye kivuko, na kwa nauli hiyo anapata safari ya maji pamoja na ufuko wa pili wenye utulivu zaidi. Angalizo ni moja: uliza saa ya kivuko cha mwisho kabla hujapanda cha kwanza. Ukikikosa, utalala gesti, na gharama ya siku nzima itapanda kwa sababu ya dakika kumi.

Chaguo la pili ni Shirati na Sota, kaskazini magharibi ya Tarime. Kutoka barabara kuu unakatia Mika, unapita Utegi, unafika Shirati, mji uliokua kando ya hospitali ya misheni ya Wamenoniti iliyoanza miaka ya 1930. Kutoka hapo unashuka Sota kwenye ufuko. Kwa umbali ni karibu kuliko Musoma, na kwa chakula ni nafuu zaidi, kwa sababu Sota ni mwalo wa wavuvi. Sato unayemnunua kwa mvuvi asubuhi hajabeba faida ya mchuuzi, ya barafu wala ya mhudumu. Kitu ambacho wageni hawakijui ni kwamba mwezi wa angani hupanga ufuko huu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Katika siku za giza mwalo hujaa dagaa walioanikwa, harufu ni kali, bei iko chini, na njia ya kutembea inabana. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wengi wa dagaa hupumzika na ufuko unakuwa wazi. Anayetaka kurudi Nkende na debe la dagaa aende gizani. Anayetaka watoto wakimbie mchangani aende mbalamwezi. Wakati wa masika muulize dereva aliyeshuka asubuhi hali ya barabara, maana bei ya bodaboda hupanda pamoja na tope.

Kwa bodaboda nina msimamo. Kupakia watoto wawili na mama yao kwenye pikipiki moja, ule mtindo wa mshikaki, hakuokoi hela yoyote inayostahili kuokolewa. Lipeni pikipiki mbili, au tembeeni, kwani kutembea ndiko kulikowaleta.

Kuna pia watakaosema Kirumi inatosha: ni karibu, basi linapita hapo hapo, na Mto Mara unaonekana. Ni kweli, nauli ni ndogo. Lakini pale pana mafunjo, viboko na mamba, na ukingo wake si mahali pa kupeleka watoto. Tazama ukiwa juu darajani, uendelee na safari.

Na bahari? Kutoka Tarime hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa kiwango cha daraja la kawaida hiyo ni zaidi ya shilingi 58,000 kwa kiti, kwenda tu. Familia ya watu watano, kwenda na kurudi, itavuka shilingi 580,000 kabla mtu hajala hata andazi, na itakaa safarini mchana na usiku. Sioni sababu ya kufunga safari hiyo kwa ajili ya matembezi tu. Lakini kama unakwenda Dar kwa msiba, harusi au matibabu, hesabu inabadilika kabisa, maana nauli imekwisha kulipwa na jambo jingine. Coco Beach haina kiingilio. Kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni kimekuwa shilingi 200 kwa mtu wa miguu kwa miaka mingi. Kumbuka tu kwamba bahari ina ratiba yake: maji yakijaa wakati wa bamvua, mchanga uliotaka kuutembea unamezwa, na yakipwa unapata uwanja mpana. Ziwa halipwi wala halijai kila siku, kwa hiyo atokaye Nkende apange siku yake kwa saa za magari tu.

Ziwa nalo hupanda, ila kwa namna nyingine. Mwaka 2020, na tena 2024, lilipanda sana likafunika fukwe na vijia, hivyo usiamini picha ya zamani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au bahari. Ukikuta uzio umeshuka hadi majini, waulize watu wa serikali ya mtaa njia ya wananchi iko wapi kabla ya kukubali kulipia kupita.

Bei nyingine haionekani siku ya safari, nayo ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia yenye majani, na hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Tembea mchangani na kwenye mawe, usitie miguu majini, hasa penye magugu. Watoto wavae raba, si yeboyebo za kuingia nazo majini. Aliyelowa aseme hivyo kituo cha afya, apimwe. Dawa ya praziquantel ipo.

Kwa familia ya Nkende inayokwenda mara ya kwanza, ningechagua Musoma kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimepungua. Pandeni gari la saa 12 asubuhi, na mbebe ndizi za kuchemsha, chapati na chai kwenye chupa. Nunueni kitu kimoja tu cha ufukweni, samaki, na mumle mchana mapema. Kufikia saa 9 muwe stendi, kwa sababu kadiri jioni inavyokaribia ndivyo magari ya kurudi Tarime yanavyopungua na wapiga debe wanavyopandisha bei. Safari ya pili iwe Sota, na kalenda ya mwezi iangaliwe kwanza.