Usahili wa Kusakinisha Programu katika Mifumo ya Uendeshaji

Kusakinisha programu ni kuziweka faili zake mahali ambapo mfumo wa uendeshaji wa tarakilishi utaweza kuzipata na kuzitumia. Aghalabu husemwa kwamba katika Windows kazi hii ni rahisi na katika Linux ni ngumu. Kauli hii haina budi kuchunguzwa, kwani usahili hutegemea mahali programu inakotoka.

Katika Windows, kwa desturi, mtumiaji hujitafutia faili ya usakinishaji, huibofya, kisha hujibu maswali machache. Faili hiyo mara nyingi hubeba karibu kila kinachohitajika, hivyo hata tarakilishi isiyo na intaneti husakinishiwa programu kwa sidii. Hata hivyo, mzigo wa kupambanua faili halisi na ya hila huachiwa mtumiaji. Akishaipa ruhusa, yaweza kutenda mengi asiyoyajua. Virusi vingi vimepitia mlango huu. Katika Mac, programu nyingi huburutwa tu hadi kwenye folda yake.

Linux ilishika njia nyingine. Mradi wa Debian, ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka wa 1993, huziweka programu katika vifurushi, na kila kifurushi hutaja vingine kinavyovitegemea. Hapo ndipo palipokuwa na adha: aliyesakinisha kifurushi kimoja kwa mkono aliambiwa kingine kinakosekana, akikileta hicho, cha tatu kikadaiwa. Sifa mbaya ya Linux ilizaliwa humo, wala haikuwa ya kusingiziwa. Programu ya APT, iliyoingizwa katika Debian 2.1 mwaka wa 1999, iliitatua kadhia hiyo: amri moja huvileta vifurushi vyote kutoka katika ghala la mradi. Ubuntu, ambayo jina lake lina asili moja na neno la Kiswahili utu, iliurithi utaratibu huo mwaka wa 2004. Aidha, maduka ya programu ya iPhone (2008), Mac (2011) na Windows (2012) yana wazo lilo hilo la ghala moja linalosimamiwa.

Ila ghala huhitaji njia ya kulifikia. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Amri iliyokuwa nyepesi Ulaya ilikuwa nzito Nairobi, na faili moja ya Windows ndani ya sidii ikaonekana kuwa na busara zaidi. Ubuntu yenyewe ilituma sidii kwa posta bila malipo hadi mwaka wa 2011, lakini sidii moja haikuweza kubeba ghala zima.

Kwa maabara isiyo na mtandao, ufumbuzi upo. APT huhifadhi nakala za vifurushi ilivyovipakua katika folda ya /var/cache/apt/archives. Vikinakiliwa kabla ya folda hiyo kusafishwa, vyaweza kusakinishwa katika tarakilishi nyingine, mradi toleo la mfumo na aina ya kichakataji vilingane.