Formosa au Ungwana?

Kaskazini ya Malindi, ufuo wa Kenya hujipinda kuanzia Ras Ngomeni hadi pande za Kipini na kufanya ghuba pana. Ramani za kale huiita Formosa. Za baadaye huandika Ungwana, na nyingine huyaweka majina yote mawili, moja likiwa ndani ya mabano mithili ya mgeni asiyejua aketi wapi. Wanafunzi wangu wa isimu huniuliza lipi sahihi. Nami huwauliza: aliyeita alikuwa amesimama wapi?

Formosa ni kivumishi cha Kireno chenye maana ya "nzuri". Kireno nacho kina upatanisho: neno lao la ghuba ni la jinsia ya kike, ndipo ikawa Formosa wala si Formoso. Wareno hao hao walikipa kisiwa cha Taiwan jina lilo hilo. Ni jina la mtu aliye chomboni, aliyetazama kwa mbali akaenda zake. Halina habari ya maji mekundu ya Tana wakati wa mvua, wala ya kamba wanaonawiri katika tope lake.

Ungwana, kwa upande wake, ulikuwa mji. Magofu ya misikiti na makaburi yake yangalipo karibu na Kipini, na James Kirkman alichapisha kitabu juu yake mwaka 1966. Kwa hiyo jina hili lilitoka nchi kavu, kwa wenyeji, nami nalipendelea.

Hata hivyo, wako wanaolisifu eti kwa kuwa linamaanisha adabu. Hapo sikubaliani nao. Kabla ya kuwa adabu, uungwana ulikuwa hali ya mtu asiye mtumwa. Neno lilimpandisha mmoja na kumfungia mwenziwe nje. Tena ni katika misitu ya Witu, si mbali na ghuba hii, ambako watoro waliokimbia utumwa walijificha katika karne ya 19. Mwalimu anayefundisha jina hili bila watoro hao amefundisha nusu.

Lipo na la Kipini. Mto unaoingia baharini hapo wenyeji waliujua kwa jina la Ozi. Tana ulikuwa na mlango wake kusini zaidi, hata ulipochimbwa mfereji wa Belezoni katika karne hiyo hiyo, maji ya Tana yakahamia Ozi. Leo vitabu husema kuwa Tana humwagikia Kipini, na jina la Ozi halitajwi.