Ndugu akifia kazini, fidia inadaiwa wapi?

Mei 23, 2024, bomba la mvuke wa moto lilipasuka katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, Turiani, wilayani Mvomero mkoani Morogoro, na watu 11 wakapoteza maisha. Sisi wa Mvomero na Morogoro tulioko ughaibuni tunajua kinachofuata msiba wa namna hiyo: tunachanga, tunatuma, tunazika kwa simu. Baada ya arobaini kundi la ukoo linanyamaza. Wakati huohuo mjane anaanza kujiuliza ada ya shule ya Januari itatoka wapi.

Wengi huanza kwa kumtafuta mwenye kosa. Kwa kifo cha kazini, anzeni kwingine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015 Tanzania Bara. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Mjane haulizwi bomba lilipasuka kwa uzembe wa nani. Anaulizwa kama marehemu alikuwa mfanyakazi, kama kifo kilitokana na kazi, na kama yeye na watoto walimtegemea. Mfuko husaidia gharama za mazishi na hulipa wategemezi pensheni ya kila mwezi. Kwa sheria ya zamani, familia ya aliyefia kazini haikuweza kupata zaidi ya shilingi 83,000. Nikiikumbuka hesabu hiyo huwa nawafikiria wajane wa mashamba ya miwa wa miaka ile, waliolea watoto kwa fedha isiyotosha hata msimu mmoja.

Mkata miwa wa msimu naye ni mfanyakazi. Kama mwajiri hakuwahi kuchangia, amevunja sheria, lakini familia isikae nyumbani kwa sababu hiyo. Ipeleke dai WCF. Muda nao unahesabiwa: mwajiri anatakiwa kuipa WCF taarifa ya ajali ndani ya siku 7, na dai lisipowasilishwa ndani ya miezi 12 haki inaweza kupotea.

Mambo hukwama kwenye karatasi. Mkataba au hati za mshahara, cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto: nyumba nyingi vijijini hazina hata nusu ya hivyo, na ndoa ya kimila mara nyingi haikuandikwa popote. Hapo ndipo mtendaji wa kijiji na kikao cha ukoo wanapohitajika, na muhtasari wa kikao uandikwe vizuri. Mtoto wa nje ya ndoa asiachwe nje ya orodha ya wategemezi ili kuficha aibu. Kwa Waluguru na Wanguu ukoo ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye husemea familia. Aongoze kikao, ni haki yake, lakini pensheni inamtazama mke au mume na watoto kwanza. Lisemwe mapema, kabla fedha haijaonekana.

Bahasha ya rambirambi kutoka kwa bosi ipokeeni kwa shukrani. Ila mtu akija na karatasi inayosema familia haina madai zaidi, msitie saini wala dole gumba kabla wakili hajaisoma. Huyohuyo wakili ndiye wa kuulizwa kama kuna mtu mwingine wa kushtakiwa, mfano mkandarasi aliyefunga mtambo.

Aliyegongwa na basi barabarani akiwa kwenye shughuli zake binafsi, si za kazi, njia yake ni nyingine. Gari lazima liwe na bima ya kufidia watu wengine, na hapo uzembe wa dereva ndio wa kuthibitishwa, kwa ramani ya ajali na taarifa za polisi. Kesi ya madhara ina ukomo wa miaka 3, na familia itahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Kwa hiyo mchango ujao wa ukoo tuugawe mara mbili: sehemu ya mazishi, na sehemu ya nauli za kwenda RITA kufuata vyeti vya kuzaliwa na vya kifo, mahakamani na kwa wakili. Kabla miezi 12 haijaisha, mmoja wetu apige simu nyumbani kila wiki aulize karatasi gani bado haijapatikana.