Bei ya Mfumania Nyavu na Fungu la Mwalimu

Hakuna darasa la hesabu linalohudhuriwa kwa hamu nchini mwetu kuliko lile la mashabiki wa kandanda wakati wa usajili wa wachezaji. Mtu aliyekuwa akitoroka kipindi cha aljebra katika kidato cha pili utamsikia akigawanya pauni kwa miaka ya mkataba, akiondoa mshahara wa kila juma, kisha akibadilisha kila kitu kuwa shilingi bila ya kushika kalamu. Nimeketi katika darasa hilo mara nyingi, hasa katika kumbi za kutazamia kandanda mjini Ruiru, ambako mabishano huanza kabla ya mechi na aghalabu hayaishi hata baada ya viti kupangwa.

Mwezi Septemba 2025 somo lilikuwa Alexander Isak. Liverpool ilikuwa imetoa pauni milioni 125 kumng'oa Newcastle, kiasi ambacho hakuna klabu ya Uingereza iliyokuwa imewahi kukilipa kwa mchezaji mmoja. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi bilioni 21. Makanga mmoja, bado amevaa sare yake ya kazi, aliapa kwamba huo ni wazimu mtupu, kwani hata mabao mia moja hayawezi kurudisha fedha hizo. Mwalimu wa sekondari aliyekuwa kando yake alimpinga kwa upole.

"Kijana wangu, hawanunui mabao peke yake. Wananunua fulana zitakazouzwa, na haki za televisheni, na nafasi ya kucheza Ulaya mwakani."

"Sawa, mwalimu," akajibu makanga, "lakini akivunjika mguu, fulana zitafunga bao?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Hata hivyo, swali lililonikaa moyoni lilitoka kwa mvulana wa shule ambaye hadi hapo alikuwa kimya. Aliuliza hizo bilioni 21 zinakwenda kwa nani. Alijibiwa kwa mkato kwamba zinakwenda Newcastle, kisha mjadala ukarejea kwa mguu wa Isak. Nadhani mtoto yule alistahili jibu refu zaidi.

Kanuni za FIFA za tangu 2001 zinasema kwamba mchezaji anapouzwa kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa kutimiza miaka 23. Misimu minne ya kwanza hupata robo ya asilimia moja kila mmoja, na minane inayofuata nusu ya asilimia moja kila mmoja. Tuchukue hiyo ada ya Isak. Msimu mmoja wa kumlea kijana akiwa na umri wa miaka 16 au zaidi una thamani ya pauni 625,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 100. Isak alikulia AIK, klabu ya viungani mwa Stockholm, akaondoka akiwa na miaka 17. Kwa kanuni hiyo, fungu la AIK linapita pauni milioni moja, ilhali ni miaka mingi tangu Isak awe mchezaji wao.

Sasa tuache Uswidi, tupande matatu kutoka Ruiru hadi Thika, mwendo ambao tangu barabara kuu ipanuliwe hauchoshi mtu. Katika msimu wa 2014 Thika United ilikuwa na mshambuliaji mrefu, mwembamba, mwenye miaka 20, aliyeletwa kwa mkopo kutoka Tusker. Jina lake ni Michael Olunga. Wakati huo alikuwa pia akisomea uhandisi katika chuo kikuu jijini Nairobi, jambo ambalo wanafunzi wanaodhani kwamba mpira na kitabu ni paka na panya wangefaa kulitia maanani. Mwaka uliofuata alikuwa Gor Mahia, akafunga mabao 19 ya ligi klabu hiyo ilipotwaa ubingwa bila kushindwa hata mara moja. Kisha akaenda Uswidi, Uchina, Uhispania na Japani. Mnamo Novemba 2019 alifunga mabao manane katika mechi moja, Kashiwa Reysol ilipoilaza Kyoto Sanga 13-1, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28, tena mchezaji bora wa mwaka. Mapema 2021 alihamia Al-Duhail ya Qatar.

Kwa kanuni ile ile, msimu wa mkopo nao huhesabiwa. Kila Olunga alipouzwa kwa ada kutoka nchi moja hadi nyingine, msimu wake wa Thika ulikuwa na nusu ya asilimia moja. Katika kila shilingi milioni 100, hiyo ni shilingi laki tano. Si utajiri wa Liverpool, lakini hununua mipira, hulipa kocha wa vijana, na kusafirisha timu hadi Mombasa na kurudi. Ajabu ni kuwa sijawahi kusikia hesabu hiyo ikipigwa katika ukumbi wowote wa Ruiru wala Thika, seuze kubishaniwa.

Thika United ilikuwa ikifadhiliwa na Brookside, kampuni ya maziwa yenye makao yake hapo hapo Ruiru. Iliteremshwa ngazi mwaka 2018, ikatoweka katika ligi kuu. Kisa hicho si kigeni kwetu. Rivatex ya Eldoret na Mumias Sugar nazo zilikuwa timu za kuogopwa, na zote mbili zilitegemea kampuni. Kampuni ikishikwa na mafua, timu huingia kaburini. Hata vigogo hawakusalimika. Gor Mahia ilimsajili Dennis Oliech Januari 2019 huku mashabiki wakikisia mshahara wake kwa furaha, na Agosti mwaka huo huo mfadhili SportPesa akajiondoa. Baadaye klabu hiyo ilipigwa marufuku na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya waliokuwa wachezaji na makocha wake. Thika sasa ina Bidco United, iliyopanda ligi kuu mwaka 2020, nayo pia imebeba jina la kiwanda.

Mashabiki wetu hawana kosa kupenda Liverpool na Arsenal. Ninalowalaumu ni kwamba wanajua bei ya fowadi wa Uswidi hadi senti ya mwisho, ilhali bei ya kumtengeneza fowadi hapa nyumbani hawaijui kabisa. Na anayeilipa bei hiyo mara nyingi ni shule. Mwalimu wa michezo ndiye humpa mtoto wa miaka 14 viatu vyake vya kwanza na kumwombea ruhusa kwa mzazi anayehofia matokeo ya mtihani. Lakini fungu la FIFA hupewa klabu iliyosajiliwa na shirikisho la nchi. Michezo ya shule za sekondari huendeshwa na chama chake chenyewe, na kijana aliyecheza shuleni tu huwa hana msimu hata mmoja katika daftari la shirikisho.

Zamani klabu ilipaswa kudai haki yake yenyewe, tena kabla ya miaka miwili kupita, na klabu ndogo zilichelewa au hazikujua kabisa. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu mjini Paris inayogawa fedha hizi kwa kufuata pasipoti ya mchezaji, ambayo hujengwa kutokana na usajili wa kila nchi. Pale usajili ulipokosekana, pasipoti huwa na pengo.

Kwa hiyo mwalimu wa Thika au Ruiru mwenye kijana wa miaka 15 anayefumania nyavu kila Jumamosi asingoje wakala. Aungane na klabu ya mtaa iliyosajiliwa, au shule ianzishe yake, wakubaliane kwa maandishi fungu litakavyogawanywa, kisha jina kamili la kijana, tarehe yake ya kuzaliwa na siku aliyojiunga vifike kwa shirikisho kabla ya msimu kuanza.